Msasa wa Jani, Msasa wa Umeme

Haipiti wiki bila gazeti kutangaza kwamba kuna watu wamepigwa msasa. Madiwani wapigwa msasa kuhusu mapato ya halmashauri, walimu wakuu wapigwa msasa Morogoro, wenyeviti wa vijiji wapigwa msasa juu ya sheria ya ardhi. Msomaji wa vichwa hivyo hamfikirii seremala hata kidogo. Anafikiria semina, chai ya saa nne na posho. Lakini neno lenyewe ni la karakana, na kabla ya karakana lilikuwa la porini. Msasa ni mti. Wataalamu wa mimea huuita Ficus exasperata, ndugu wa mkuyu, na hilo neno la pili ni Kilatini chenye maana ya kitu kilichotiwa ukwaruzo. Anayetaka kujua kwa nini apitishe jani lake mkononi: lina vinywele vigumu kama ulimi wa paka. Majani hayo ndiyo yaliyotumika kusugulia miiko, mipini na fimbo kabla karatasi ya msasa haijafika madukani. Karatasi ilipofika ilirithi jina la jani, na mashine ilipofika ikarithi jina la karatasi.

Mashine inayozungumzwa hapa ni ile ya mkanda mpana: mkanda wa msasa wenye upana wa mita moja au zaidi, unaozunguka kwa umeme, na chini yake ubao unapita mzima mzima, unaingia na mikwaruzo ya msumeno na kutokea upande wa pili ukiwa laini. Mashine mpya ya aina hiyo ni mali ya kiwanda. Iliyokwisha kutumika Ulaya au China ndiyo inayomtia tamaa fundi mwenye karakana ya uani. Mtu anaweza kudhani hilo ni jambo la jana tu, la zama za makontena. Kwa watu wa delta ya Rufiji, kununua kutoka ng'ambo chombo cha kufanyia kazi ya mti ni desturi ya zamani kuliko hata lugha wanayoizungumza.

Mbwera iko ndani ya delta hiyo, upande wa wilaya ya Kibiti, mahali ambapo mto Rufiji unajigawa mikono mingi kabla ya kuingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Huko barabara ni maji. Safari hungoja bamvua au hukimbizana na maji kupwa, na mzigo wowote, uwe gunia la mpunga au godoro la harusi, hupimwa kwanza kwa mtumbwi utakaoubeba. Mikoko ya delta inafunika hekta 53,000 hivi, na hakuna delta nyingine katika pwani ya Afrika Mashariki yenye mikoko mingi kama hiyo mahali pamoja.

Kwa mgeni yote ni mikoko. Kwa mwenyeji kila mti una jina na kazi yake. Mkoko wenyewe na msinzi hutoa boriti. Mkandaa hutoa fito na pau. Mlilana, kwa kuwa hukua ukijipinda, hutafutwa na waunda vyombo kwa ajili ya mataruma. Msikundazi hutoa mlingoti. Mchu ni kuni za kuchomea chokaa. Mkomafi, wenye tunda kubwa la mviringo kama mpira, ndio wa fanicha. Ubao wake mwekundu ukipigwa randa vizuri unaweza kumdanganya mtu asiyejua akadhani ni mbao ya milimani. Nyuma ya mikoko, kwenye nchi kavu ya Kibiti na Rufiji, ilikuwapo hazina nyingine: mninga, mkongo, mvule, mpingo, na msandarusi.

Hazina hizo zote zimekuwa na tabia moja kwa karne nyingi. Mti hutoka delta ukiwa na magamba yake. Kulainishwa hufanyiwa kwingine, na fedha imekuwa ikikaa penye ulaini.

Habari ya kwanza iliyoandikwa kuhusu pwani hii inaanzia kwenye chombo cha mbao. Katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki kutoka Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kitabu cha mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, kinachojulikana kama Periplus. Humo ametaja soko la mwisho la pwani ya Azania, Rhapta, na akaeleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vya pale vilivyoshonwa. Mbao zake ziliunganishwa kwa kamba, bila msumari hata mmoja. Rhapta ilikuwa wapi hasa, wanahistoria wamebishana miaka mingi. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye mtetezi mkubwa wa hoja kwamba ilikuwa hapa Rufiji au karibu sana, na amechimba katika eneo hili kutafuta ushahidi.

Popote ilipokuwa Rhapta, kinachovutia zaidi kwa fundi ni orodha ya bidhaa. Kitabu kinasema pwani ilileta ndani mikuki iliyotengenezwa maalumu kwa soko hili huko Muza, Yemen, pamoja na mashoka, visu, vitobolea na vitu vya kioo. Ilipeleka nje pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Shoka na kitobolea: hizo ni zana za mwunda chombo cha kushona. Kwa hiyo miaka elfu mbili iliyopita mafundi wa mti wa pwani hii walikuwa tayari wanangoja jahazi liwaletee zana kutoka ng'ambo, na bila shaka wengine walizigeuza geuza mkononi, wakazigonga kusikiliza mlio wa chuma, na kulalamikia bei.

Karne tisa baadaye mwandishi al-Istakhri alieleza nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Ghuba ya Uajemi, kwamba zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Huko kwenye mchanga na joto, mti ulikuwa na thamani kubwa, na pwani ya Afrika Mashariki ndiyo iliyokuwa ghala. Biashara hiyo iliendelea kwa majahazi ya kaskazi na kusi hadi karne ya ishirini. Boriti zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na zilipangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Anayeingia katika nyumba ya mawe ya Lamu au Zanzibar ataona vyumba virefu lakini vyembamba, kana kwamba mjenzi alikuwa anajenga ujia. Sababu iko darini. Boriti ya mkoko haibebi dari la mawe na chokaa likizidi mita tatu hivi, kwa hiyo upana wa chumba cha tajiri ulipimwa na mti wa matopeni.

Mapema mwaka 1939 alifika delta Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, baharia na mwandishi, akiwa ndani ya jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Najdi. Walikuwa wametoka Aden, wakapita Zanzibar, na sasa walikuja Salale kupakia boriti. Villiers alikuwa amezunguka dunia kwa meli za tanga na hakuwa mtu wa kulialia, lakini wiki za Rufiji zilimchosha: tope, mbu, homa, na mabaharia wakibeba miti mizito kwa mabega kutoka vichochoroni mwa mikoko hadi chomboni. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake, Sons of Sindbad, na ndani yake Rufiji imepata picha ambayo hakuna mwingine aliyeiandika kwa ukaribu ule. Boriti zile zilikwenda kushikilia dari za Kuwait, ambako huitwa chandal. Huko zilimenywa magamba, zikapakwa rangi, zikapangwa juu ya vichwa vya wenyeji kama pambo la nyumba. Miaka saba tu baadaye, 1946, Kuwait ilipakia shehena yake ya kwanza ya mafuta. Saruji na nondo zikafuata, na mnunuzi mkubwa wa boriti akaanza kupotea upeoni.

Sandarusi nayo ina kisa chake, na ni kisa chenye kejeli.

Msandarusi hutoa utomvu. Ule uliozama ardhini kwa miaka mingi mno, ukakauka na kuwa mgumu kama kioo, ulichimbwa katika pwani yote ya mrima pamoja na Rufiji. Uliuzwa Zanzibar kama sandarusi bora kuliko zote duniani, kwa kuwa ndio uliotoa vanishi ngumu na angavu kwa magari ya farasi na fanicha za wakubwa. Ule mbichi, uliotoka mtini moja kwa moja, wenyeji waliuita chakazi, na Richard Burton, aliyepita pwani katika miaka ya 1850, ameandika kwamba wafanyabiashara wa Kizungu walishindwa kulitamka, wakalifanya jackass. Hivyo ndivyo utomvu mbichi wa Kiswahili ulivyoingia katika vitabu vya biashara vya Kizungu ukiwa na jina la punda.

Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani wa Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Marekani ilitia saini mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, mwaka 1833, ikafungua ubalozi mdogo Zanzibar mwaka 1837, na wafanyabiashara hao wakaleta kitambaa kigumu cheupe ambacho pwani nzima, hadi bara, ilikiita merikani. Kwa kitambaa hicho walipata pembe na sandarusi. Sandarusi ilisafirishwa ikiwa na udongo na maganda yake. Salem kulikuwa na kiwanda cha kuiosha na kuichambua, na hapo ndipo bei ilipopanda. Mchimbaji wa mrima alilipwa mikono kadhaa ya merikani. Vanishi iliyotokana na jasho lake ilimetameta juu ya milango ya magari ya watu asiowahi kuwasikia.

Kejeli iko hapa. Tarehe 14 Juni 1834, mwaka uliofuata ule wa mkataba wa Sayyid Said, Isaac Fisher wa Springfield, jimbo la Vermont, alipewa hataza za kutengeneza karatasi ya msasa. Vermont inapakana na Massachusetts. Katika pembe ileile ya Marekani, katika miaka ileile, kulikuwa na watu wanaosafisha utomvu wa pwani ya Rufiji na wengine wanaobuni karatasi itakayokuja kulifukuza jani la msasa mikononi mwa mafundi wa pwani hiyo. Fisher hakuwa wa kwanza kulifikiria; Wachina walikwisha kubandika mchanga, mbegu na kombe zilizosagwa juu ya ngozi nyembamba karne nyingi kabla, na London nayo ilikuwa na mtengenezaji wa karatasi ya vioo katika miaka hiyohiyo. Lakini tangu hapo msasa ukawa kitu cha kiwandani, chenye namba mgongoni.

Wajerumani walipoichukua nchi, delta ndiyo iliyowavutia kwanza kwa habari za miti. Mwaka 1898 walianza huko kazi ya serikali ya misitu, wakitenga mikoko kuwa mali ya dola, na Salale ikawa kituo cha misitu. Aliyekuwa akikata boriti kama babu yake alivyokata sasa alihitaji kibali na kulipa. Pamoja na boriti walitaka magome, kwa kuwa gome la mkoko lina dawa kali ya kugeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu. Magome yakasafirishwa Ulaya makavu. Ngozi ikalainishwa huko.

Halafu ikaja mashine kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia delta. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, iliingia Rufiji kujificha kwa sababu injini zake zilikuwa taabani. Karakana ya kuzitengeneza ilikuwa Dar es Salaam tu. Vipande vya chuma vikafunguliwa, vikashushwa pwani, vikavutwa kwa nguvu za watu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Historia nyingi za Vita Kuu ya Kwanza huandika habari hiyo kwa sentensi moja na kukimbilia mizinga. Lakini anayeujua udongo wa Kibiti baada ya mvua anaweza kukisia ilivyokuwa. Waliovuta hawana majina katika vitabu.

Königsberg haikutoka tena. Tarehe 11 Julai 1915 ilipigwa na meli mbili za Kiingereza zenye vina vifupi, Severn na Mersey. Wajerumani wenyewe wakamalizia kuiharibu, kisha wakaiopoa mizinga yake 10 na kupigana nayo nchi kavu. Mwaka 1924 mabaki yaliuzwa, na mnunuzi alikuwa yule yule aliyekuwa nahodha wa Pegasus, meli ambayo Königsberg iliizamisha. Alitoa pauni 200. Kuna visasi vya bei ghali zaidi. Kazi ya kukatakata vyuma iliendelea kwa vipindi hadi miaka ya 1960, na mwaka 1966 kilichobaki kikadidimia topeni. Hivyo watu wa delta waliijua biashara ya mashine kuukuu kabla ya mtu yeyote kuleta jenereta ya mtumba Kariakoo. Walijua pia somo lake la kwanza, kwamba bei ya mashine ni jambo moja na kuitoa mahali ilipo ni jambo jingine kabisa.

Baada ya uhuru boriti ziliendelea kukatwa, zikiuzwa zaidi Zanzibar na Dar es Salaam kuliko Uarabuni. Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko, uliotayarishwa na Dk. Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukiigawa katika kanda nne: ya kulindwa kabisa, ya kuvunwa kwa utaratibu, ya kuachwa ipone, na ya matumizi ya maendeleo. Ukataji haukwisha, lakini uliingia katika karatasi na kanda na vibali, na mashamba ya mpunga yaliyofunguliwa ndani ya mikoko yakawa ugomvi mwingine unaostahili makala yake.

Kwa mbao za nchi kavu, mwaka wa kukumbukwa ni 2003. Hadi hapo Rufiji ilivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na mvua zikinyesha, kusini kulikatika. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970 hivi, lilipofunguliwa, malori yalipata njia, na Kibiti ikawa mji wa kupita mbao. Wanunuzi wakubwa walikuwa tayari wanangoja, hasa soko la China. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa taarifa iliyotikisa: Tanzania ilikuwa inapoteza mapato ya misitu yanayokadiriwa kufikia dola milioni 58 kwa mwaka, na China ilikuwa imeandika kuingiza mbao za Tanzania mara 10 ya zile ambazo Tanzania iliandika kuziuza. Mninga na mkongo vilikuwa vinaondoka kama magogo na mbao nzito za msumeno. Mwanakijiji aliyekata alipata fedha ya kula siku chache. Gogo likapigwa msasa mbali, kama sandarusi ya Salem.

Katika habari hiyo ndefu, mashine ya mkanda mpana si kifaa kidogo.

Kwa nini fundi wa uani aitamani? Kwa sababu ya mbao zetu zenyewe. Mkongo na mvule vina nyuzi zinazopishana. Randa ikipita upande mmoja inalainisha, hatua mbili mbele inang'oa vipande. Mvule mara nyingine una jiwe ndani, kweli jiwe, chokaa iliyoganda ndani ya mti, nalo huvunja meno ya kisu cha randa. Msasa hauna ugomvi na nyuzi: unasaga tu. Kwa mkono, uso wa meza ya watu wanane ni kazi ya kutwa nzima na mabega kuuma usiku. Mashine huumaliza kabla chai haijapoa.

Ndani ya mashine ya kawaida kuna rola mbili. Ya kwanza, ya chuma au ya mpira mgumu, hubeba mkanda wa namba 60 au 80 na kazi yake ni kusawazisha unene. Ya pili, laini zaidi, hubeba namba 120 au 180 na hufuta mikwaruzo ya rola ya kwanza. Chini, zulia la mpira husukuma ubao mbele. Mkanda wenyewe, unaokimbia kwa kasi kubwa, unataka kukimbilia pembeni wakati wote, kwa hiyo huongozwa na hewa ya kompresa inayousukuma kushoto na kulia kidogo kidogo. Hewa ikikatika, mkanda unapasuka, na anayeusikia unapasuka kwa mara ya kwanza hudhani risasi.

Watengenezaji wenye jina ni wachache: Timesavers wa Minnesota, Costa na SCM wa Italia, na sasa Wachina wengi. Viwanda vya Ulaya vinapofungwa au kubadilisha mashine, za zamani hupigwa mnada, nazo husafiri kama zilivyosafiri nguo. Kwa mnunuzi wa Tanzania mashine ya Ulaya ina heri moja kubwa: umeme. Huko kama huku ni volti 400 za fezi tatu na hezi 50. Ya Marekani imetengenezwa kwa hezi 60; ikifungwa huku, mota yake hupoteza kasi kwa sehemu moja kati ya sita, na volti zake mara nyingi hazifanani kabisa. Muuzaji hatalisema hilo. Limeandikwa kwenye kibati kidogo cha alumini ubavuni mwa mota, chini ya rangi iliyopakwa juzi.

Fundi mzoefu hana haja ya kusifiwa rangi. Hupitisha kiganja juu ya rola ya mpira kutafuta mifereji, kwa kuwa mfereji mmoja utaandika mstari juu ya kila mlango atakaoutengeneza. Huzungusha rola kwa mkono akisikiliza beringi. Hutazama zulia la kusukumia kama limekuwa kioo, maana zulia lililoteleza huuachia ubao urudi nyuma kwa nguvu. Hugusa breki ya dharura na kuhakikisha inashika. Hupima mzunguko wa mkanda: mikanda ya milimita 1,900 na 2,620 inapatikana kwa urahisi, lakini mashine yenye kipimo cha ajabu itamgeuza mtumwa wa muagizaji mmoja, na bei ya mkanda atapangiwa. Halafu huuliza swali ambalo wengi hulisahau kwa furaha ya bei ndogo: vumbi litakwenda wapi? Bila mashine ya kulivuta, mkanda hujaa, huungua, na ubao hutoka na madoa meusi. Paini ya Sao Hill, ambayo ndiyo mbao ya wengi siku hizi, ina utomvu unaoziba mkanda haraka zaidi. Na vumbi la mvule na mninga huwasha pua na kifua. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mzee wa zamani aliyesugua mwiko kwa jani chini ya mwembe hakuwa na tatizo hilo. Upepo wa bahari ulikuwa kivuta vumbi chake.

Inabaki hesabu ya umeme. Nyumba nyingi zimeungwa fezi moja, na mota za mashine hii, pamoja na kivuta vumbi na kompresa, hudai kilowati 20 au 30 kwa mpigo. Ndiyo maana mashine za aina hii zimejikusanya Dar es Salaam, hasa mitaa kama Keko inayojulikana kwa fanicha, na ndiyo maana ubao wa Kibiti bado husafiri na mikwaruzo yake kwenda kulainishwa huko, kisha baadhi yake hurudi barabara ileile ukiwa kabati, juu ya lori, umefungwa godoro kuukuu usichubuke.

Fundi wa Kibiti mjini, penye barabara kuu na nguzo za umeme, anaweza kuikata safari hiyo. Akipata fezi tatu, akapata wenzake wawili wa kuchangia bei, na akakubali kulainisha mbao za jirani kwa malipo ya ubao mmoja mmoja, mashine ya tani mbili iliyochoka Ulaya inaweza kumlipa. Hesabu inakubali, ingawa kwa shida. Hata namna ya kuishusha haijabadilika sana: asiyekuwa na foklifti huteremsha chuma juu ya magogo, huviringisha, huchukua gogo la nyuma na kuliweka mbele, na wenye sauti huimba ili wote wavute kwa pamoja.

Mbwera ni habari nyingine. Mtumbwi haubebi tani mbili, na mashine isingekuwa na kazi nyingi hata ingefika. Fundi wa huko anapounda mashua hutumia tezo. Hukaa juu ya ubao, miguu kando, akikata kuelekea kwake magamba membamba kama ya kitunguu, na uso unaobaki una mawimbi madogo ambayo kidole huyahisi kuliko jicho linavyoyaona. Panapobaki upenyo hutia pamba ya kalafati kwa nyundo. Kisha chombo hupakwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika, ubao ukayanywa hadi ukashiba, na chini, sehemu itakayolala majini, hupakwa chokaa iliyochanganywa na shahamu. Bamvua ikifika, watu hukisukuma majini juu ya magogo ya mkoko.